Sura ya Nne: Chakula Kinachoweza Kusubiri

Vitabu vingi vya mapishi ya Mediterania huupima urahisi kwa dakika. Pishi la dakika 20 huwekwa mbele na kusifiwa, la saa mbili husukumwa nyuma pamoja na mapishi ya sikukuu, na msomaji hubaki akiamini kwamba watu wa Ugiriki, Uturuki, Sicily au Lebanon hupokea wageni kwa utulivu kwa sababu wanajua kupika upesi. Ukiyachunguza mapishi yenyewe utaona mambo mengine. Maharage makubwa meupe ambayo Wagiriki huyaita gigantes hulowekwa usiku kucha, huchemshwa hadi yalainike, kisha huokwa na nyanya na mafuta kwa saa nzima au zaidi. Bilingani la Kituruki lililojazwa vitunguu na nyanya, imam bayıldı, hukaangwa au kuokwa kwanza, hujazwa, hupikwa tena kwa moto wa pole, halafu huachwa lipoe. Hakuna upesi hapo. Kinachowapa wenyeji wale utulivu ni kwamba kazi yote hiyo ilikwisha kabla mgeni hajapiga hodi, na chakula hakikuharibika kwa kungoja. Mara nyingi kimezidi kunoga. Hoja yangu katika sura hii ni hiyo. Anayetaka kupikia familia na wageni kwa raha aache kutafuta chakula kinachoiva haraka, atafute chakula kinachoweza kusubiri.

Mswahili hahitaji kushawishiwa sana, maana kila aliyekula kiporo cha maharage asubuhi anajua kwamba yamekolea kuliko yalivyokuwa usiku. Lakini kwetu kiporo ni kilichobaki. Hatukipangi, wala hatumwekei mgeni. Pwani za Mediterania kule kusubiri kumefanywa kuwa hatua ya pishi, sawa na kukaanga au kuchemsha. Waturuki wana kundi zima la vyakula, zeytinyağlı, yaani mboga zilizopikwa polepole kwa mafuta ya zeituni na maji kidogo, zikapozwa katika sufuria yake, na kuliwa bila kupashwa. Wagiriki wana ladera, vyakula vya ukoo huohuo: bamia, atichoki, maharage machanga ya maganda, zukini na viazi. Sicily kuna caponata, mabilingani yenye figili, zeituni na kepa katika siki na sukari, ambayo siku ya kwanza ladha zake bado zinagombana. Venice wana sarde in saor, samaki wadogo waliokaangwa na kupangwa tabaka kwa tabaka na vitunguu vilivyopikwa kwa siki, mara nyingi pamoja na zabibu kavu na mbegu za msonobari. Samaki hao hulazwa angalau usiku mmoja. Mpishi akikupa siku ileile aliyowakaanga, amekupa chakula kabla ya wakati wake, kwa kuwa siki haijaingia kwenye mnofu.

Desturi hii haikuzuka kwa sababu watu wa huko wana hulka ya kulegea, kama matangazo ya utalii yanavyopenda kutuonyesha. Ilitokana na mibano ya maisha, na wa kwanza ni kuni. Nchi zenye vilima vya mawe, mvua chache na misitu iliyokatwa tangu kale hazikuwa na kuni za kuchezea, hivyo moto mmoja ulitakiwa ufanye kazi nyingi. Katika miji ya Morocco familia nyingi hazikuwa na tanuri. Zilipeleka mikate na vyungu kwenye ferran, tanuri la mtaa. Marrakesh bado wanapika tangia, nyama inayotiwa katika mtungi wa udongo pamoja na bizari nyembamba na limau lililohifadhiwa kwa chumvi, na mtungi wenyewe huachwa kwa saa nyingi ndani ya majivu ya moto unaopasha maji ya hamamu. Cairo nako, vyungu vya ful vilikuwa vikilazwa usiku kucha kwenye makaa ya hamamu ili watu wafungue nayo kinywa asubuhi. Ugiriki, sinia la Jumapili lilipelekwa kwa mwokaji, likaingia tanurini baada ya mikate kutoka. Mpishi ambaye moto si wake hawezi kupanga chakula kiive dakika ileile mgeni anapoketi. Hana budi kupika kitu kitakachostahimili safari ya kurudi nyumbani na muda wa kukaa mezani.

Mbano mwingine ni dini, na hapa ushahidi ni mzito zaidi. Sheria ya Sabato inawakataza Wayahudi kuwasha moto tangu machweo ya Ijumaa hadi giza la Jumamosi. Kwa hiyo Wayahudi wa Hispania walistadi sana katika vyakula vya kusubiri. Adafina, chungu cha nyama na dengu, iliwekwa kwenye moto wa chini Ijumaa na kufunuliwa kesho yake mchana, na pembeni yake kulikuwa na samaki na mboga za kuliwa baridi. Amri ya kufukuzwa ilipotolewa mwaka 1492, waliokubali ubatizo ili wabaki walianza kuchunguzwa hadi vyunguni. Katika kesi za mahakama ya kidini ya Hispania, kupika Ijumaa kwa ajili ya Jumamosi kulitajwa kuwa ushahidi kwamba mtu angali Myahudi kwa siri. Walioondoka waliubeba ujuzi wao hadi Morocco, Salonika na Istanbul. Wakristo wa Orthodox nao wana mifungo ambayo kwa jumla huzidi siku 180 kwa mwaka, na katika siku hizo hawali nyama, maziwa wala mayai. Siku kali zaidi huacha hata mafuta. Ndiyo maana ladera hazikai kama kitoweo cha pembeni kinachongoja nyama ije. Zimeundwa ziwe mlo kamili, na karne nyingi za mfungo zimezinoa.

Hata hivyo kubanwa peke yake hakutengenezi chakula kizuri. Ilihitajika pia aina ya mafuta inayokubali kupoa. Mafuta ya kondoo huganda yangali vuguvugu, na ndiyo sababu nyama ya kondoo huliwa ikitoka motoni. Ikikaa, utando mweupe hufunika sahani na ulimi. Siagi hukaza kwenye ubaridi wa kawaida wa Ulaya kaskazini. Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mafuta ya zeituni hubaki majimaji mpaka uyaingize kwenye friji, kwa hiyo mboga zilizopikwa nayo zikipoa huwa bado laini na zenye kung'aa. Tena harufu nyingi za kitunguu saumu, majani na viungo huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji. Sufuria ikipoa polepole, mafuta yaliyokwisha kunyonya harufu hizo hupenya kwenye mboga, chumvi nayo huingia hadi ndani, na mchuzi wa maharage huwa mzito kwa wanga uliotoka kwenye punje. Anayeelewa hayo hahitaji kukariri mapishi. Atajua kwamba nyanya na limau hutiwa baada ya maharage kulainika, kwa sababu asidi huyazuia yasilainike. Atajua pia kwamba mboga za majani hukamuliwa limau mezani, kwani likitangulia rangi yake ya kijani hufifia na kuwa ya kahawia.

Mtu anaweza kunipinga kwa kutaja vyakula maarufu kuliko vyote nilivyotaja: tambi, risoto, samaki wa kuchoma, ngisi wa kukaanga. Hivyo havisubiri hata robo saa, na bado ni vya Mediterania. Ni kweli, na ushauri wangu ni kuviacha siku ya wageni. Tambi ni chakula bora kabisa cha watu wanne wa nyumba moja waliokwisha kuketi, na mpishi akiwa miongoni mwao. Kuwapikia watu kumi ni kujipa mtihani wa sufuria kubwa, maji yanayochelewa kuchemka na watu walioachwa na mazungumzo yaliyokatika. Risoto hudai mwiko bila kukoma. Vitabu vinavyoweka vyakula hivi chini ya kichwa cha habari cha "wageni wa ghafla" vinawapotosha wasomaji wao.

Pingamizi la pili ni zito, na sipendi kulipita juujuu. Kusema kwamba upishi huu ni wa utulivu ni kama kufuta jasho la wanawake. Nani aliyeviringisha majani ya mzabibu moja moja, vipande mia kwa chungu kimoja? Nani aliyefinyanga koskosi kwa viganja, au orecchiette zinazotengenezwa na wanawake wa Bari ya kale? Tena ule urahisi wa siku ya wageni unategemea ghala lililojazwa miezi kabla. Lebanon huiita mouneh akiba inayoandaliwa majira ya joto na mwanzo wa vuli: ngano iliyochemshwa na kukaushwa, vibilingani vidogo vilivyojazwa jozi na kuzamishwa katika mafuta, kishk ya mtindi na ngano. Uturuki rojo ya nyanya na pilipili hukaushwa juani. Kusini mwa Italia Agosti ni mwezi wa kuchemsha nyanya na kuzijaza kwenye chupa. Kazi haikuondolewa; imehamishwa, na kwa vizazi vingi aliyeibeba ni mwanamke.

Nalikubali pingamizi hilo, ila haliangushi hoja, linaikamilisha. Vyakula vya kuviringishwa na kujazwa kimoja kimoja vilifanywa na watu wengi wakiwa wameketi pamoja, tena kwa ajili ya sherehe. Mtu mmoja asivifanye peke yake Jumamosi asubuhi na kuuita huo upishi wa raha. Ama vile vingine, kazi iliyotawanywa katika siku tatu inagawika pia kwa watu. Jioni wageni wakiwa mlangoni, jiko linamtaka mtu mmoja anayejua kila kitu, na mtu huyo kwa kawaida ni mama mwenye nyumba. Lakini kuloweka maharage Alhamisi usiku, kuchuja mtindi, kuchoma pilipili hoho, kumenya vitunguu saumu, hizo ni kazi ambazo baba, kijana wa darasa la saba au binamu aliyekuja kukaa anaweza kupewa bila kuharibu kitu. Nyumba inayoshikilia upishi wa dakika za mwisho inamfunga mtu mmoja. Hilo kwangu ni sababu tosha ya kuuacha, hata kama ladha ingelingana.

Wengine watasema mgeni ataona amedharauliwa. Mezani hakuna moshi, hakuna pilau, nyama ni kidogo au haipo. Hisia hii naiheshimu, na hata Mediterania yenyewe haikuwa bila hisia hiyo. Mwaka 1948 Wamarekani wa Rockefeller Foundation walipochunguza maisha ya watu wa Krete, kisiwa ambacho baadaye ulaji wake ulisifiwa duniani kote, wengi wa waliohojiwa walisema wangependa kula nyama zaidi. Mboga zao zilikuwa chaguo la uhaba kabla hazijawa fahari. Kwa hiyo sisemi kwamba nyama ni ushamba. Nasema kwamba nyama nayo ina sura yake ya kusubiri. Stifado ya Kigiriki, nyama au sungura aliyepikwa na vitunguu vidogo na siki, hupikwa leo na kupashwa kesho bila kupoteza kitu. Tangia ni hivyo hivyo. Pweza, anayejulikana vizuri Zanzibar na Mombasa kama anavyojulikana Naxos au Galicia, huchemshwa asubuhi, akakatwa, akatiwa mafuta, limau na kotimiri, akatulia hadi jioni. Na sahani sita ndogo zilizojaa, zikapangwa kwa pamoja kabla mtu hajaketi, huonyesha ukarimu kuliko sinia moja linalochelewa.

Tuna msemo wetu, mgeni njoo mwenyeji apone. Nyumba nyingi leo mgeni huja na mwenyeji akazidi kuumia: yuko jikoni tangu alfajiri, anapakua wenzake wanapokula, anakaa wakati wenzake wanatafuta viatu. Mwaka 2010 UNESCO ilipoandikisha ulaji wa Mediterania katika urithi wa binadamu kwa ombi la Hispania, Ugiriki, Italia na Morocco, haikuorodhesha vyakula tu. Kula pamoja kulitajwa kuwa msingi wa utamaduni huo. Mwenyeji asiyeketi hajala pamoja na mtu.

Yapo pia masuala ya mfuko na ya usalama. Mafuta ya zeituni ni ghali Afrika Mashariki, na hata huko yanakozalishwa bei ilipanda vibaya baada ya ukame kuharibu mavuno ya Hispania miaka ya 2022 na 2023. Hakuna haja ya kupikia kwa mafuta hayo tangu mwanzo. Nyumba nyingi za Uturuki na Hispania hukaangia alizeti, na alizeti ya Singida nayo haigandi kwenye sahani. Pikia hiyo, kisha nyunyiza vijiko viwili vya zeituni mwishoni, pale harufu yake inapoonekana. Ufuta wa Lindi na Mtwara ukikaangwa kidogo na kusagwa na mafuta kidogo unakupa kile ambacho Walebanoni huchanganya na limau na kitunguu saumu kwa dengu au bilingani la kuchoma, na huna sababu ya kununua chupa iliyosafirishwa kutoka Beirut.

Kuhusu usalama siwezi kulegeza. Joto la Dar es Salaam mwezi Februari si la Athens mwezi Mei. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na ushauri huo unafunga mjadala. Kusubiri kunakozungumzwa hapa hufanyika ndani ya friji, chini ya nyuzi 5, na chakula hutolewa nusu saa kabla ya kuliwa ili ubaridi ukitoke na ladha irudi. Wali usiufanye wa kusubiri. Kitunguu saumu kibichi kilichozamishwa katika mafuta kisiwekwe kabatini hata siku moja, kwa kuwa ndani ya mafuta hakuna hewa, na bakteria wa botulizimu hustawi pasipo hewa. Siki na limau husaidia, lakini havichukui nafasi ya friji. Asiye na friji amalize kupika ndani ya saa mbili kabla ya kula, achague vyakula viwili badala ya sita, na hapo pia atakuwa amepata sehemu kubwa ya nafuu ninayoisema.

Tuchukue basi wageni wanane wa Jumamosi saa moja jioni. Alhamisi usiku loweka gramu 500 za maharage meupe, na kwa joto la pwani yaweke kwenye friji yasichachuke. Usiku huohuo funga lita moja ya mtindi mzito wenye chumvi kidogo katika kitambaa safi, uutundike juu ya bakuli ndani ya friji. Jumamosi utakuwa umepungua karibu nusu na kuwa kama jibini laini. Ijumaa jioni chemsha maharage, yaunge kwa vitunguu, nyanya na mafuta kama mililita 150, uyaoke, na katika oveni hiyohiyo weka mabilingani manne makubwa yaive kwa gharama ya moto mmoja. Asiye na oveni amalizie maharage kwenye sufuria nzito kwa moto wa chini kabisa, na mabilingani ayachome juu ya mkaa uliobaki. Jumamosi asubuhi chemsha pweza wa kilo moja na nusu, ukijua atasinyaa sana, na uponde mabilingani na ufuta. Saa kumi na mbili na nusu jioni toa vyote kwenye friji. Vinavyobaki ni nyanya, matango na vitunguu vya kukatwa, mkate wa kupashwa na matunda ya kuoshwa, kazi ya dakika 20 ambayo watu wawili huifanya huku wakizungumza.

Ukiandika orodha ya vyakula vya wageni wako wajao, weka alama mbele ya kila kinachodai uwe jikoni baada ya wao kufika. Kikiwa kimoja, kiandae na mtu wa kukusaidia. Vikiwa viwili au zaidi, futa mpaka kibaki kimoja.